Mhafidhina Anahifadhi Nini? Namna ya Kuisoma Kazi ya Mbunge wa Texas

Swali si langu. Aliniuliza mzee mmoja Mkongo, dereva wa lori hapa Houston, siku niliyokwenda kumtafsiria kwenye shughuli zake. Tulikuwa tumekaa tunasubiri zamu. Mkononi alishika kipeperushi cha kampeni kilicholetwa na posta: mwanamume mwenye kofia ya pama, mke, watoto wanne, mbwa, na neno moja lililoandikwa kubwa kuliko hata jina lake.

"Dada, hapa wameandika nini?"

"Mhafidhina, mzee."

Akatulia kidogo. "Haya. Anahifadhi nini?"

Nilicheka, halafu nikaona sina jibu. Mimi ni mkalimani, nimezoea kuhamisha maneno, na hili nilikuwa nimelihamisha tu bila kulifungua. Tangu siku hiyo nimefuatilia vikao vitatu vya Bunge la Texas nikiwa na daftari la kaunta. Kuna njia nimeizoea, na huwa nawaelekeza watu wetu wakiniuliza. Ukiishi Ohio au Arizona kanuni zitabadilika, lakini mahali pa kutazama ni pale pale.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kinatuchezea. "Mbunge wa jimbo" kwa Mtanzania ni yule aliyeshinda jimboni kwake akaenda Dodoma. Hapa jimbo ni Texas nzima, na Texas ina bunge lake Austin, tofauti kabisa na Congress ya Washington. Nimeshaona watu wakimfokea mbunge wa Austin kwa habari za viza na hati za ukimbizi. Hazimhusu. Yake ni shule, barabara, leseni, bima, bunduki, utoaji mimba, polisi, na kanuni za kodi ya nyumba unayolipa. Baraza la Wawakilishi lina watu 150 wanaochaguliwa kila miaka miwili. Seneti ina 31, miaka minne. Ingiza anwani yako kwenye tovuti ya Bunge la Texas, utaletewa mwakilishi wako mmoja na seneta wako mmoja. Andika majina yote mawili, lakini anza na mwakilishi. Mwakilishi anarudi kwa wapiga kura mara nyingi zaidi, kwa hiyo ana hofu zaidi, na mtu mwenye hofu anasomeka.

Sasa uliza anakula wapi. Mshahara wake ni dola 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, pamoja na posho ya siku wakati Bunge limekaa. Bunge lenyewe hukaa siku 140 tu, kila mwaka wa namba witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Katikati ya hapo ni gavana peke yake anayeweza kuwaita, kwa siku 30, na kwa ajenda aliyoipanga yeye. Watu wa mrengo wa kulia huku wanajivunia mpango huu: bunge likikaa muda mfupi, wanasema, halipati muda wa kuharibu mambo. Matokeo yake ni kwamba kazi hii anaiweza mtu mwenye mlo kwingine. Utakuta wanasheria, wafugaji wa ng'ombe, madaktari, mawakala wa bima, watu wa mafuta, na wastaafu. Kila mwaka hujaza fomu ya mali na mapato kwenye Tume ya Maadili ya Texas. Iombe uisome. Wakala wa bima kukaa kwenye kamati ya bima si kosa, na pengine ndiye anayeijua kazi, ila kura zake zisome ukiwa umevaa miwani.

Baada ya hapo nenda kwenye kura za maoni, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasubiri Novemba. Katika maeneo mengi ya Texas Novemba ni kukamilisha ratiba tu. Uchaguzi ulikwisha Machi, ndani ya chama cha Republican, kile cha wahafidhina. Kwa mtu aliyetoka kwetu inashangaza kidogo, kwa sababu hakuna kikao cha juu kinachokata majina. Mtia nia wa Baraza la Wawakilishi awe raia mwenye umri wa miaka 21 na makazi yanayotakiwa, alipe dola 750 (Seneti ni miaka 26 na dola 1,250), awasilishe fomu kabla ya mwisho wa muda mwezi Desemba, basi jina lake liko kwenye karatasi. Asiyetaka kulipa anaweza kukusanya saini. Asipopatikana wa kuvuka nusu ya kura Machi, wawili wa juu wanarudiana mwishoni mwa Mei, na marudio hayo watu hawaendi. Texas haiandikishi wapiga kura kwa chama. Siku ya Machi unachagua mwenyewe karatasi ya chama kipi uichukue, ila ukishachukua ya chama kimoja huwezi kuhamia kingine kwenye marudio ya Mei.

Kwa hiyo mbunge mhafidhina mara nyingi hamwogopi Mdemokrat. Anamwogopa mhafidhina mwenzake atakayesimama kumwambia wewe si mhafidhina wa kutosha. Mwaka 2024 hata Spika wa Baraza, Dade Phelan, alikalia kuti kavu: Machi alikuwa wa pili, akalazimika kurudiana, akaponea chini ya kura 400. Ukimwona mbunge wako amebadilika ghafla, amekuwa mkali kwenye jambo ambalo mwaka juzi hakuligusa, tazama kalenda kwanza. Kama ni Novemba au Desemba ya mwaka witiri, huenda kuna mtu amechukua fomu.

Kipeperushi kitakwambia ameleta miswada mingapi. Usihesabu. Mwaka 2025 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, iliyopita ni takriban 1,200, na ndani ya hiyo iliyopita mingine ni ya kuipa barabara jina la mtu. Kuna mtunzi wa muswada, kuna watunzi wenza wachache wanaosimama naye, halafu kuna kundi refu la waliotia saini baadaye ili waseme nyumbani kwamba walikuwepo. Kwenye kipeperushi wote wanaandika "niliupigania." Kwenye ukurasa wa muswada tazama jina la kwanza.

Lakini kwa mhafidhina, miswada aliyoileta ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzuia. Ndivyo anavyoamini: sheria chache, kodi chache, serikali ikae mbali. Kuzuia hakuandikwi kwenye kipeperushi. Inabidi ukakutafute makaburini.

Makaburi ya Austin yako matatu. La kwanza ni kamati. Spika ndiye anayeupeleka muswada kwenye kamati, na mwenyekiti wa kamati ndiye anayeamua kama utasikilizwa. Fungua historia ya muswada kwenye tovuti. Ukikuta mstari wa mwisho unasema "Left pending in committee," yaani umeachwa ukisubiri kwenye kamati, na tarehe ni ya Aprili, umekwisha. Watu walikuja, wakatoa ushahidi, wakashukuriwa kwa adabu, na kura haikuitishwa. Kaburi la pili ni Kamati ya Kalenda, inayopanga muswada upi ufike ukumbini na siku gani. Huko muswada hufa bila mtu kusema hapana. La tatu ni saa. Usiku wa siku ya 122, katikati ya Mei, miswada ya Baraza ambayo haijasomwa mara ya pili inakufa yote kwa pamoja. Jioni ile utawasikia wabunge wakiuliza maswali marefu ajabu kuhusu muswada ambao hauna ubishi wowote, huyu anauliza, yule anafafanua, wa tatu anataka ufafanuzi wa ufafanuzi. Wanakula saa. Nyuma kwenye foleni kuna muswada wasioutaka, wala hawataki kupigwa picha wakiukataa.

Basi kama mbunge wako ni mwenyekiti wa kamati, chukua orodha ya miswada iliyopelekwa kwake na utie alama ile ambayo haikusikilizwa kabisa. Mimi hutumia kalamu nyekundu. Ukurasa mmoja wenye wekundu unaniambia zaidi ya hotuba kumi. Mmoja niliyemfuatilia alikuwa akizungumza kuhusu mpaka kila alipopewa maikrofoni, lakini wekundu wake wote ulikuwa kwenye miswada ya kuwaongezea wafanyabiashara masharti. Hapo nilijua anahifadhi nini.

Halafu tafuta muswada anaourudia. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kipimo ninachokipenda. Mchukue Tom Craddick wa Midland, kule kwenye mafuta ya magharibi. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1968, wakati Warepublican ndani ya Baraza lile walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na kwenye kikao cha 2025 alikuwa bado amekaa. Uchaguzi wa 2002 ulipokipa chama chake wingi, Januari 2003 akawa Spika wa kwanza Mrepublican tangu zama za baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Aliendesha Baraza kwa mkono mzito, na mwaka 2009 Joe Straus wa San Antonio, Mrepublican mwenzake, akakipata kiti hicho kwa kuungwa mkono na Wademokrat. Ukiishia hapo utaandika: mtu wa madaraka, alipanda, akashuka.

Sasa soma aliyoyafanya baada ya kushuka. Mwaka 2011 Craddick alileta muswada wa kukataza kuandika ujumbe wa simu huku unaendesha gari. Ukapita mabaraza yote mawili. Gavana Rick Perry, mhafidhina pia, akauwekea veto mwezi Juni, Bunge limeshaondoka, akisema ni serikali kujiingiza mno katika mwenendo wa watu wazima. Mwaka 2013 Craddick akarudi nao. Baraza likaupitisha, ukakwama Seneti. Mwaka 2015 vivyo hivyo. Mwaka 2017 akarudi mara ya nne, ukaitwa HB 62 (muswada namba 62 wa Baraza), ukapita, gavana mpya Greg Abbott akatia saini, na sheria ikaanza Septemba 1 mwaka ule ule. Faini ya kosa la kwanza ni dola 25 hadi 99. Mzee wangu wa lori anaijua sheria hiyo vizuri kuliko mimi.

Waliompinga walikuwa watu wa upande wake mwenyewe, kwa hoja ya upande wake mwenyewe: uhuru wa mtu. Yeye akasema maisha ya watu barabarani yanatangulia. Wote wanaitwa wahafidhina na wote hawadanganyi. Kwa hiyo ukipata muswada ambao mbunge wako ameuleta mara mbili, mara tatu, bila kupigiwa makofi, weka pembeni kila kitu kingine usome huo. Na kama amekaa miaka kumi na hakuna hata mmoja aliourudia, hilo nalo liandike.

Kura zenyewe zisome mbili mbili. Kura moja haisemi kitu. Mbili zilizotengana kwa muda zinazungumza. Jozi ninayoipendekeza ni ya fedha za umma kwenda shule binafsi. Novemba 2023 Baraza lilipiga kura 84 kwa 63 kuliondoa jambo hilo kwenye muswada mkubwa wa elimu. Warepublican 21 walikuwa miongoni mwa wale 84, wengi wao wa vijijini, ambako shule ya serikali mara nyingi ndiyo mwajiri mkubwa na mechi ya Ijumaa usiku ndiyo sherehe ya mji. Gavana akaingia kwenye kura za maoni za 2024 kuwaunga mkono wapinzani wao, kadhaa wakaanguka. Mwaka 2025 jambo lilelile likarudi kama SB 2 (muswada namba 2 wa Seneti), likapita, na Mei 3 gavana akatia saini. Fungua kura ya kwanza na ya pili, weka kidole kwenye jina la mbunge wako. Kama alikuwepo mara zote mbili na hakuhama, una jibu. Kama alihama, mwandikie umuulize kwa nini. Nimewahi kupata jibu la heshima kabisa kuhusu wazazi wa wilaya yake.

Jozi nyingine kali ni ya Ken Paxton, mwanasheria mkuu wa Texas. Mei 2023 Baraza lenye Warepublican wengi lilimshtaki mtu huyo wa chama chao, kwa lengo la kumwondoa madarakani, kwa kura 121 kwa 23. Septemba Seneti ikamwachia huru. Waliopiga ndiyo Mei walijua Machi inakuja.

Kosa langu mwenyewe sasa. Mwaka wa kwanza niliwaambia watu wa kanisani kwetu kwamba mbunge fulani alipiga ndiyo kwenye muswada mmoja wa wapangaji. Nilikuwa nimeona jina lake kwenye orodha ya ndiyo, nikafunga kompyuta. Wiki mbili baadaye binti mmoja akanionyesha mistari midogo chini ya orodha ile ile, kwenye kumbukumbu rasmi za siku hiyo: mbunge huyo ameeleza kwamba ameonekana kupiga ndiyo, ila alikusudia kupiga hapana. Matokeo hayabadiliki, lakini kusudio lake limeandikwa milele. Tangu hapo sisomi orodha bila kushuka hadi mistari ya chini. Wakati mwingine kweli ni kidole kimeteleza. Wakati mwingine ni mtu anayetaka ndiyo ya Austin na hapana ya nyumbani, na ukikuta hivyo mara tano kwa mtu mmoja, vidole vyake vinateleza sana.

Kidole nacho si mfano tu. Panda kwenye roshani ya wageni wakati Bunge limekaa, ni bure. Jengo ni lile la mawe mekundu lililofunguliwa mwaka 1888, na ukumbi wa Baraza una mbao kubwa zenye majina yote. Kengele ikilia, taa zinawaka kando ya majina: kijani ndiyo, nyekundu hapana, nyeupe nipo lakini sipigi. Usitazame ubao. Tazama chini. Utaona mtu amesimama mbele ya ukumbi amenyoosha kidole kimoja juu, maana yake pigeni ndiyo, na upande wa pili mwingine amenyoosha viwili, pigeni hapana. Wabunge wanaotoka kunywa kahawa hawajui hata muswada ni upi; wanatafuta kwa macho kidole cha mtu wao, wanabonyeza. Wengine wanainama kubonyeza na meza ya jirani. Mbunge wako anatazama kidole cha nani? Hilo halimo kwenye tovuti yoyote. Nililipata kwa kukaa saa tatu na chupa ya maji, shingo inauma.

Kwenye fedha nitapita haraka. Ripoti za michango hutolewa Januari na Julai, na katika uchaguzi zinaongezwa za siku 30 na siku nane kabla ya kura. Texas haina kikomo cha mchango wa mtu binafsi kwa mgombea wa Bunge, kwa hiyo usishangae kukuta hundi moja yenye tarakimu sita. Kampuni na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kumpa mgombea moja kwa moja. Wakati wa kikao cha kawaida, na siku 30 kabla yake, wabunge hawaruhusiwi kupokea michango. Ndiyo maana mapema Desemba hundi hushuka kama mvua za vuli. Mkono mtupu haulambwi. Linganisha majina makubwa ya Desemba na wekundu wa kalamu yako.

Alama zinazotolewa na makundi ya wanaharakati zitumie kwa tahadhari, maana kila kundi huchagua kura zake lenyewe kisha likatoa A au F. Afadhali orodha za Mark P. Jones wa Chuo Kikuu cha Rice, anayewapanga wabunge kutoka kushoto hadi kulia kwa kutumia kura nyingi zilizorekodiwa. Hiyo itakwambia kama mtu wako yuko ukingoni au katikati ya chama chake. Haitakwambia kwa nini.

Ukitaka kumjua zaidi ya hapo, nenda katoe ushahidi kwenye kamati yake. Unajiandikisha siku hiyo hiyo: unaunga mkono, unapinga, au unazungumzia tu. Utapewa dakika mbili au tatu, pengine saa nne usiku baada ya kusubiri tangu asubuhi, kwa hiyo beba chakula. Andika sentensi tano, usome nne. Ukimtafsiria mtu, jua tafsiri inaweza kula nusu ya muda. Mpe msemaji sentensi mbili tu, za kwake, kuhusu jambo lililompata. Nimeona mwenyekiti mwenye sifa ya ukali akiweka simu chini kumsikiliza mama aliyesema sentensi mbili, na nimeona huyo huyo akisoma ujumbe wake wakati mtaalamu anasoma kurasa sita.

Yule mzee nilimrudia baada ya kikao, tukakaa kwenye gari lake na daftari langu. Nilimsomea habari za mbunge wake: miswada aliyoiua, muswada mmoja aliourudia mara tatu kuhusu madaraja ya barabara za wilaya, kura mbili za shule, majina manne ya Desemba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza daraja lililotajwa ni lipi. Nikamtajia.

"Hilo nalipita kila Jumanne," akasema. "Kweli ni bovu." Kisha akataka kujua kura za Machi zinapigwa tarehe ngapi, ili aombe asipangiwe safari siku hiyo, uraia ameupata mwaka jana.